Bakapu Imegoma Kurudi: Tafuta Chanzo Kabla Hujafuta Kitu

Kati ya matatizo yote yanayofika kwenye meza yangu ya ufundi, hili ndilo linalokuja na macho mekundu. Mtu kanunua simu mpya, kaweka laini, kafuata maelekezo yote, lakini meseji za miaka minne hazipo. Majina nusu, picha hakuna. Na mara nyingi bakapu yenyewe, ile nakala rudufu iliyohifadhiwa, ipo salama salimini. Iko kwenye akaunti nyingine ya Google, au imelala ndani ya simu ya zamani ambayo mwenyewe keshampa mdogo wake.

Kinachoipoteza ni saa ya kwanza ya taharuki. Mtu anafuta programu, anaiweka tena, anarudisha simu kiwandani, anaruka hatua akiamini atairudia baadaye. Kwa hiyo maelezo haya yanaanza na mambo ya kutofanya, kisha nitapita dalili moja baada ya nyingine, nikianza na chanzo ninachokutana nacho zaidi.

## Kabla ya kugusa chochote

Simu ya zamani usiifute, usiiuze, usimwachie mtu. Hata ikiwa kioo kimepasuka au inazima ovyo, bado ndiyo ghala lako. Ikae nawe angalau wiki mbili baada ya simu mpya kukamilika, maana kuna vitu hutakumbuka kuvitafuta siku ya kwanza.

Ujumbe wa kosa ukitokea, upige picha kwa simu nyingine. "Iliandika kitu kuhusu akaunti" haimsaidii fundi wala haikusaidii wewe ukitafuta maelezo mtandaoni. Neno moja linaweza kutofautisha bakapu isiyopatikana na bakapu isiyofunguka, na hayo ni matatizo mawili tofauti kabisa.

Angalia tarehe na saa ya simu mpya. Watu hulipita jambo hili. Simu iliyokaa dukani ikaisha chaji huweza kuwaka na tarehe ya miaka ya nyuma, na ikiwa hivyo mawasiliano yake na seva hukataliwa kwa sababu vyeti vya usalama vinaonekana si halali. Ruhusu simu ichukue saa yenyewe kutoka kwenye mtandao, uizime na kuiwasha, kisha ujaribu tena. Kama una VPN, izime kwa muda.

Hakikisha pia simu iko kwenye chaji na ina nafasi. Bakapu ya GB 10 haitoshi kwenye simu yenye GB 11 wazi, kwa sababu wakati wa kurejesha mafaili hupakuliwa, hufunguliwa, ndipo hupangwa. Mimi hutaka nafasi karibu mara mbili ya ukubwa wa bakapu.

## Dalili: WhatsApp inasema hakuna bakapu

Akaunti ya Google siyo yenyewe. Hiki ndicho chanzo namba moja, na hakuna kinachokikaribia. Duka lililokuuzia simu ya kwanza lilikufungulia akaunti, nenosiri ukalisahau, mwaka uliofuata ukafungua nyingine, na sasa unazo tatu. WhatsApp kwenye Android hutafuta bakapu kwenye akaunti iliyomo ndani ya simu hiyo mpya tu.

Kama simu ya zamani inawaka, fungua WhatsApp, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya gumzo, kisha nakala rudufu. Utaona anwani ya akaunti, tarehe ya bakapu ya mwisho na ukubwa wake. Iandike kwenye karatasi kama ilivyo, pamoja na kila nukta na tarakimu. Kama haiwaki, ingia Google Drive kwa kompyuta ukitumia kila akaunti unayoikumbuka, fungua sehemu ya hifadhi kisha orodha ya bakapu. Pale utaona kama kuna ya WhatsApp na ni ya lini. Ukishaipata, ongeza akaunti hiyo kwenye simu mpya *kabla* ya kufungua WhatsApp.

Namba ya simu ni nyingine. Bakapu imefungwa kwa namba iliyoitengeneza. Ukibadili laini, jisajili kwanza kwa namba ya zamani, rejesha bakapu, kisha utumie huduma ya kubadili namba iliyomo ndani ya WhatsApp yenyewe. Laini ikiwa imepotea lakini bado ni yako, nenda duka la mtandao wako na kitambulisho wakutolee nyingine kwa namba ileile. Fanya hivyo mapema, kwani namba isiyotumika muda mrefu huweza kupewa mtu mwingine.

Usiombe namba ya uthibitisho mara kwa mara ukidhani utaiharakisha. Kila ukirudia, muda wa kusubiri unaongezeka. Na kama uliweka PIN ya tarakimu 6 ya uthibitisho wa hatua mbili ukaisahau, na hukuweka barua pepe, utasubiri siku 7.

Uliruka. Ukurasa wa kurejesha hutokea mara moja tu, pale unapomaliza kuthibitisha namba. Ukiuruka, hakuna kitufe ndani ya programu cha kuurudia. Na hapa ndipo penye hatari, kwa sababu bakapu mpya ya WhatsApp kwenye Google Drive hukaa *mahali pa* ile ya zamani.

Mwaka jana alinijia mama anayeuza vitenge. Simu mpya ilikuwa bado na nailoni ya kiwandani kwenye kioo. Asubuhi, alipofika ukurasa wa kurejesha, bando lilikuwa linaishia, akabonyeza kuruka. Simu ya zamani ilikuwa imeingia maji. Ndani ya bakapu kulikuwa na sauti alizotumiwa na mumewe, ambaye amefariki. Aliniambia, "Mwanangu, hata moja tu." Ilikuwa saa sita mchana. Nikazima data kabla ya kumuuliza lolote jingine, nikaingia kwenye mipangilio ya bakapu nikaweka isichukue kabisa. Tukafungua Drive kwenye kompyuta: bakapu ya juzi yake, GB tatu na kitu. Tukaiondoa programu, tukaiweka upya kwa Wi-Fi, akapokea namba ya uthibitisho, na safari hii akabonyeza kurejesha. Ilichukua kama dakika 40. Alisikiliza sauti moja, akailaza simu kifudifudi mezani, akakaa kimya.

Angekuja kesho yake nisingekuwa na uhakika. WhatsApp huchukua bakapu usiku, kwa kawaida saa nane, na kama imewekwa kupeleka Google kila siku, gumzo la siku moja lingekaa mahali pa miaka yote ile.

Basi ukiruka, fuata mpangilio huo huo: zima data, zuia bakapu ya kujiendesha, hakikisha ya zamani bado ipo Drive, ndipo uondoe programu na kuiweka upya. Meseji ulizopokea katikati ya hapo zitapotea, kwa hiyo zile za maana zinakili kwanza.

Programu siyo ileile. WhatsApp ya kawaida na WhatsApp Business huhifadhi kwenye folda tofauti, na moja haioni mambo ya mwenzake. Wanaotumia GB WhatsApp na ndugu zake wana shida zaidi, kwani zile si programu rasmi: huweka nakala kwenye folda zao wenyewe ndani ya simu, si kwenye Google Drive kama ile rasmi. Simu ikifa, hakuna pa kwenda kuitafuta. Kama unaitumia na simu bado ni nzima, leo ndiyo siku ya kuhama.

Simu mpya haina huduma za Google, au umetoka iPhone kwenda Android au kinyume chake. Simu za Huawei zilizotoka kuanzia mwishoni mwa 2019 nyingi hazina huduma za Google, kwa hiyo bakapu ya Drive haitatokea humo kwa njia ya kawaida. Na bakapu ya iPhone iko iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, ambako Android haiingii. Katika kuvuka huko, bakapu haihusiki kabisa: unahitaji simu zote mbili ziwe hai, ukae nazo pamoja, na uhamishe moja kwa moja. Kutoka Android kwenda iPhone unatumia programu ya Move to iOS, na iPhone lazima iwe mpya au imefutwa. Huu ni ushahidi mwingine wa kutoiuza simu ya zamani haraka.

## Kutumia bakapu iliyomo ndani ya simu ya zamani

Watu wengi hawajui kwamba WhatsApp ya Android huacha nakala ndani ya simu kila siku, hata kama hujawahi kuunganisha Google. Kwa kawaida huhifadhi za siku saba zilizopita. Njia hii imeokoa simu nyingi mezani kwangu kuliko nyingine yoyote, ilimradi simu ya zamani bado inawaka.

Fungua programu ya mafaili, ingia Android, kisha media, kisha com.whatsapp, utaona folda ya WhatsApp. Ndani yake kuna Databases, yenye faili la msgstore.db.crypt14 au crypt15, na mengine yenye tarehe kwenye jina. Nakili folda nzima ya WhatsApp kwenda kwenye kompyuta. Picha na sauti ziko kwenye folda ya Media humohumo, na bila hiyo utapata maneno matupu.

Kwenye simu mpya weka WhatsApp lakini usiifungue. Peleka folda ile mahali palepale, njia ileile. Kisha fungua, thibitisha namba ileile, ruhusu programu isome mafaili, na itakuambia imeona bakapu. Kama unataka ya siku ya nyuma, chukua lile faili lenye tarehe unayoitaka, ulibadilishe jina liwe msgstore.db na mwisho wake ubaki ulivyo. Kama ni crypt14, ibaki crypt14. Ukibadili namba hiyo, haitafunguka.

Onyo: usiondoe WhatsApp kwenye simu ya zamani kabla hujanakili folda. Kwenye simu nyingi za sasa, programu ikiondoka huondoka na folda yake.

## Dalili: inaanza, halafu inaganda kwenye asilimia fulani

Kwanza fanya hesabu, maana huenda haijaganda. Bakapu ya GB 12 kwenye mtandao wa megabiti 4 kwa sekunde inahitaji karibu saa 6 na dakika 40, hata kama mtandao hautetereki. Kwa bando la simu linalopanda na kushuka, ni usiku mzima. Nimewaona watu wakizima simu kwenye dakika ya ishirini na kuanza upya mara tano, bando lote likaisha bila kurudisha meseji moja.

Chanzo cha kawaida ni mtandao. Tafuta Wi-Fi ya uhakika. Kama ni lazima kutumia bando, nunua kifurushi kinachozidi ukubwa wa bakapu, ukae karibu na dirisha. Baadhi ya Wi-Fi za ofisi na vyuo huzuia huduma fulani, kwa hiyo jaribu mtandao wa pili kabla ya kulaumu simu.

Kinachofuata ni simu kulala. Kioo kikizima, simu nyingi za bei nafuu huua kazi zinazoendelea nyuma ili kuokoa chaji. Zima hali ya kuokoa betri, acha kioo kikiwaka, simu iwe kwenye umeme. Ikipata joto kali, itoe kava. Halafu angalia kama huduma za Google Play zimesasishwa.

Meseji zikirudi lakini picha zikawa na ukungu, subiri: WhatsApp hurudisha maneno kwanza, kisha hushusha picha na sauti polepole. Kama ni video pekee zisizorudi kabisa, pengine hazikuwemo. Kuna swichi ya kujumuisha video kwenye bakapu, na ikiwa imezimwa, video hazikwenda popote. Zimo kwenye simu ya zamani.

Ikiganda kwenye asilimia ileile mara tatu, kwenye mitandao miwili tofauti, nafasi ikiwa ya kutosha, hapo nashuku faili lenyewe. Acha kurudia. Nenda kwenye bakapu ya ndani ya simu ya zamani, na ukiweza chukua ya siku moja au mbili nyuma.

## Dalili: inadai nenosiri au tarakimu 64

Tangu 2021 WhatsApp imekuwa na bakapu iliyofungwa kwa nenosiri lako mwenyewe au ufunguo wa tarakimu 64. Ulichagua wewe, labda siku nyingi zilizopita, na ukasahau. Si nenosiri la Google wala PIN ya kufungulia kioo, japo watu wengi waliweka neno walilokuwa wakilitumia kila mahali wakati ule. Jaribu polepole maneno yako ya zamani, ukikumbuka herufi kubwa na ndogo. Tafuta pia kwenye daftari, kwenye picha za kioo ulizopiga, na kwenye orodha ya maneno yaliyohifadhiwa na kivinjari.

Kama simu ya zamani bado inafungua WhatsApp, una bahati: ingia kwenye mipangilio ya bakapu, badilisha nenosiri au uzime ufungaji huo kwa kutumia njia ya kufungulia simu, kisha uchukue bakapu mpya.

Simama hapa: simu ya zamani haipo na nenosiri hulikumbuki, basi WhatsApp wenyewe hawawezi kuifungua. Wala mimi. Yeyote anayekuambia kwenye Telegramu au Facebook kwamba anafungua kwa elfu hamsini anataka hizo elfu hamsini, na baada ya hapo atakuomba namba ya uthibitisho ili achukue akaunti yenyewe.

## Dalili: simu mpya ya Android haioni bakapu ya ile ya zamani

Hapa nazungumzia bakapu ya Google inayobeba programu, mipangilio, SMS na kumbukumbu za simu zilizopigwa, ile inayojitokeza unapoiwasha simu kwa mara ya kwanza.

Akaunti isiyo sahihi inaongoza tena. Baada yake ni toleo la Android. Bakapu ya simu yenye toleo jipya hairudi kwenye simu yenye toleo la chini. Hutokea sana mtu anapoibiwa simu nzuri na kununua ya muda, ya bei ndogo. Sasisha hiyo ya muda hadi mwisho; kama bado iko chini, bakapu itabaki ikisubiri simu inayofaa.

Lakini haisubiri milele. Simu isipotumika kwa siku 57, Google wanaweza kuifuta bakapu yake. Kwa hiyo aliyekaa miezi mitatu bila simu akichanga pesa ya nyingine huikuta orodha tupu. Picha zilizokwisha kupanda Google Photos hazimo kwenye hesabu hiyo.

Ikikuuliza PIN au mchoro wa simu ya zamani, ndiyo kweli inataka ya ile ya zamani, kwa sababu data ilifungwa kwayo. Usiweke ya simu mpya mara kumi.

Kama umeshapita hatua za mwanzo bila kurejesha, angalia kwanza kwenye mipangilio kama simu yako ina sehemu ya kumalizia maandalizi. Kama haina, itabidi simu mpya irudishwe kiwandani ianze upya. Kabla ya hapo hakikisha unalijua nenosiri la akaunti ya Google iliyomo. Usipolijua, simu itawaka ikidai akaunti hiyo na haitasogea. Ulinzi huo umewekwa dhidi ya wezi, lakini unamkamata na mwenye mali.

## Dalili: imerudi, lakini nusu

Majina yakipungua, mengi yalikuwa kwenye laini au kwenye kumbukumbu ya simu, si kwenye akaunti. Rudisha laini ya zamani, fungua majina, chagua kuingiza kutoka kwenye laini. Kwa yaliyokuwa kwenye simu, yatoe kwenye simu ya zamani kama faili la vcf ujitumie. Kama yalikuwa kwenye akaunti na yakafutwa kwa bahati mbaya, fungua Google Contacts kwenye kompyuta: unaweza kurudisha orodha ilivyokuwa ndani ya siku 30 zilizopita.

Picha: Google Photos kwa kawaida hupandisha zilizopigwa kwa kamera. Folda za WhatsApp na nyinginezo hazipandi hadi uziwashe mwenyewe. Angalia pia kama akaunti ilijaa. GB 15 za bure zinagawanywa kati ya barua pepe, Drive na picha, na tangu 2024 bakapu za WhatsApp za Android nazo zinahesabiwa humo. Akaunti ikijaa, bakapu husimama kimyakimya. Utaona tarehe ya mwisho ni ya miezi mingi nyuma, na hakuna njia ya kurejesha kisichowahi kupanda.

Programu za benki na za pesa za simu hudai usajili upya, na hivyo ndivyo zilivyotengenezwa. Pesa yako ya M-Pesa haikai ndani ya simu. Iko kwa mtandao, na PIN ni ileile.

## iPhone

Makosa ya iPhone yako wazi zaidi, kwa hiyo nitapita upesi.

Ikisema programu ya simu ni ya zamani mno kwa bakapu hiyo, iandae kama simu mpya bila kurejesha, sasisha iOS, kisha ifute na uanze tena, safari hii ukichagua bakapu. Ikisema nafasi haitoshi, simu uliyonunua ni ndogo kuliko data yako: kutoka GB 128 zilizojaa kwenda GB 64 hakuna ujanja.

Bakapu isipoonekana iCloud, hakikisha akaunti ya Apple ni ileile. Nafasi ya bure ni GB 5 tu, ambazo hujaa upesi, na bakapu nyingi zilikoma hapo bila mwenyewe kujua. Ukiacha kuitumia huduma hiyo, bakapu huhifadhiwa siku 180.

Kwa bakapu ya kompyuta iliyofungwa kwa nenosiri, nenosiri hilo ni la peke yake. Jaribu ya zamani: PIN ya kioo, la akaunti ya Apple, la kompyuta. Likigoma, kuweka upya mipangilio yote kwenye simu kutakuruhusu kuchukua bakapu *mpya* bila nenosiri lile. Ile ya zamani itabaki imefungwa.

Kompyuta ikidai bakapu imeharibika, usiguse kilichomo ndani ya folda ya MobileSync, ile kompyuta inamoiweka bakapu ya iPhone. Inakili nzima kwenye diski nyingine kwanza. Sasisha iTunes au macOS, badili waya, badili tundu la USB, jaribu kompyuta nyingine. Namba za makosa kama 9, 4005, 4013 na 4014 maana yake simu inakatika katikati ya kazi. Mara nyingi ni waya wa mtaani. Ukiwa na waya halisi na kompyuta mbili tofauti na bado unapata 4013, mara nyingi tatizo liko kwenye bodi. Acha kujaribu, peleka kwa fundi wa bodi.

## Dalili: kadi ya memori inaonyesha mafaili lakini hayafunguki

Kadi ya GB 512 iliyouzwa kwa bei ya GB 32 mara nyingi si GB 512. Ndani ni chipu ndogo iliyodanganywa ijitaje kubwa. Inapokea mafaili yote, inaonyesha majina na ukubwa, lakini ikishajaa chipu halisi, kinachoandikwa baada ya hapo hakipo. Ipime kwenye kompyuta ya Windows kwa programu ya H2testw, lakini baada ya kunakili kinachosomeka, kwani kipimo huijaza kadi.

Kama kadi ni halisi na kosa linatokea kwenye faili kubwa pekee, angalia muundo wake. FAT32 haikubali faili moja linalozidi GB 4. Chukua bakapu upya kwenye kadi ya exFAT, muundo unaokubali mafaili makubwa zaidi. Na simu ikikuomba kuiumbiza kadi ili iisome, kataa. Kuiumbiza ni kuifuta.

## Pale unapopaswa kuiweka simu chini

Simu ya zamani imeingia maji: usiichaji, usiiwashe "kuona kama inawaka". Izime, ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo. Mchele hautoi chumvi na uchafu vilivyobaki kwenye bodi.

Simu mpya inazunguka kwenye nembo baada ya kurejesha: iache saa moja kwenye chaji, kisha jaribu kuizima na kuiwasha kwa nguvu mara moja. Ikiendelea, na bakapu bado iko salama kwingine, kuirudisha kiwandani si hasara. Kama simu inayozunguka ndiyo pekee yenye data, usiirudishe kiwandani na usikubali ipigwe flashi, yaani kuwekewa mfumo upya.

Simu imekufa kabisa: simu za sasa husimba kumbukumbu zake, yaani huzifunga zisisomeke bila ufunguo, kwa hiyo kung'oa chipu na kuisoma kwenye mashine hakuleti kitu. Bodi lazima iamke, na PIN lazima uijue. Fundi anayesema hahitaji PIN muulize atafanyaje, na usikilize jibu kwa makini.

Ukienda kwa fundi, toa laini na kadi ya memori ubaki nazo. Mwambie neno hili kabla hajafungua kava: "Ninachotaka ni data, simu yenyewe si muhimu." Kuna mafundi wazuri ambao watakurudishia simu inawaka vizuri kabisa, imefutwa, kwa sababu ulisema tu kwamba haiwaki. Mpe akaunti uliyoiandika kwenye karatasi, picha ya kosa, na orodha ya ulichokwisha kujaribu, pamoja na yale unayoona aibu kuyasema. PIN ya kioo unaweza kuiweka mwenyewe akiwa mbele yako. Ya pesa usimpe, hakuna hatua inayoihitaji.